Hamira Isiyoumua

Dada yangu alipokuja kutoka Toronto alimletea mama pakiti ya hamira lishe: vipande vyepesi vya njano, vinavyovunjika ukivigusa. Mama amepika mahamri ya kuuza hapa Mombasa kwa zaidi ya miaka 30, kwa hiyo akafanya alivyozoea. Maji ya uvuguvugu kikombeni, sukari kidogo, kijiko cha hamira, akafunika kwa kisahani. Baada ya robo saa akafunua. Hakuna povu.

"Hii imekufa," akasema, akakisukuma kikombe kando.

Kweli imekufa, tena kwa makusudi. Ni hamira ileile ya mahamri, ila hii hukuzwa kwa molasi, ikauawa kwa joto na kukaushwa. Haiumui tena, lakini protini imo, na vitamini kadhaa za kundi B. (B12 hamira haiitengenezi, huongezwa kiwandani, na si kwenye kila pakiti. Asiyekula nyama, mayai wala maziwa asome kwanza.)

Nikamsimulia habari za Lucy Wills, daktari Mwingereza aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kuchunguza kwa nini wajawazito, wakiwemo wafanyakazi wa viwanda vya nguo, walikuwa wakiishiwa damu vibaya. Kilichowafaa kilikuwa Marmite, ule urojo mweusi unaotengenezwa kwa hamira iliyobaki baada ya kutengeneza bia. Damu ikarudi. Aliandika matokeo yake mwaka 1931, na baadaye ikajulikana kwamba siri ilikuwa asidi ya foliki, ileile wanayopewa wajawazito kliniki siku hizi. Masazo ya bia!

Mama alisikiliza huku akijikanda vifundo vya vidole. Tangu mwaka jana mikono yake haiwezi kukanda unga, nami nilikuwa nimeshampangia siku zake kama mtu aliyemaliza: kaa mama, pumzika. Sikumuuliza tena kipimo cha iliki. Wateja wake wa zamani walipopita kumjulia hali, niliwaambia amelala. Nilikuwa nimempima kwa kikombe kilekile, na iliniuma kuligundua hilo nikiwa nimeketi mbele yake.

Jioni aliivuta ile pakiti, akaonja kwa ncha ya kidole.

"Kama jibini. Na njugu kwa mbali."

Akasubiri mbaazi za nazi ziepuliwe, akainyunyiza juu, akakoroga taratibu.

"Kesho lete unga, mwanangu. Utakanda wewe, mimi nitakwambia lini umelainika."