Kijibwa

Kiswahili kina mbwa watatu: mbwa, jibwa na kijibwa. Jibwa ni lile la kuogopwa, linalolala nyuma ya geti la tajiri. Kijibwa ni tusi. Nilipokuwa mdogo Tanga, kuitwa kijibwa cha fulani kulikuwa na maana kwamba unamfuatafuata mwenye pesa na kucheka hata pale asipochekesha. Kijibwa hasa, mbwa mzima aliyekomaa na bado anaenea ndani ya kikapu cha sokoni, nilikuja kumwona Minneapolis, nilipoanza kazi ya kuhudumia wazee majumbani mwao.

Karatasi ya kazi ilieleza kwa ufupi: mteja ana miaka 86, anaishi peke yake, anatembea kwa kushikilia kigari, ana mbwa mmoja. Nusura niikatae. Nimelelewa katika madhehebu ya Shafii, na mwalimu wetu wa chuoni alitufundisha mapema kwamba mate ya mbwa ni najisi, na kwamba alipolamba panaoshwa mara saba, mara moja kati ya hizo kwa udongo. Mwenzangu mmoja wa kazini, Mkenya, alinicheka. "Dada, huyo si mbwa. Huyo ni panya mwenye mkufu. Nenda tu."

Panya huyo aliitwa Lupe. Alikuwa Chihuahua wa miaka tisa, mwenye masikio makubwa kama ya popo na macho ya kuvimba, na alikuwa na uzito wa ratili 4, yaani kama kilo 1.8. Pakiti ya unga wa kilo mbili ilimzidi. Siku ya kwanza alisimama mlangoni na kunibwekea kwa dakika kumi, miguu yake yote minne ikiruka kila anapobweka. Mteja wangu, ambaye nilizoea kumwita Bibi, na alipojua maana yake hakutaka tena nimwite vingine, alisema kutoka kwenye kiti chake, "Hajui kama ni mdogo. Hakuna aliyemwambia."

Tulikubaliana mambo. Nitampikia Bibi, nitamwogesha, nitampanga dawa zake. Bakuli la Lupe nitalijaza, ila mikono yangu iwe mikavu na yeye awe mkavu, kwa sababu kukavu kwa kukavu hakuhamishi najisi. Bibi alilielewa hilo haraka kuliko nilivyotarajia.

Majira ya baridi yalinifanya nimtazame Lupe kwa jicho jingine. Aina hii ya mbwa imepewa jina la jimbo la Chihuahua, kule Mexico. Theluji ilipofika magotini, yeye na mimi ndio tuliotetemeka pale ndani. Mwili mdogo hupoteza joto upesi, kama kikombe cha chai kinavyopoa kabla ya birika. Ndiyo maana mbwa hawa huvalishwa sweta. Zamani nilidhani ni ulimbwende wa Wazungu.

Bibi alinifundisha mengine. Aligusa kichwa cha Lupe katikati na kuniambia nitazame: ngozi ilipwita kidogo. Baadhi ya Chihuahua hubaki na utosi usiofunga, kama wa mtoto mchanga, maisha yao yote. Taya lao ni dogo mno, meno yanabanana na kuoza mapema. Pia ya goti huteguka kirahisi. Bomba la hewa ni laini, kwa hiyo kamba haifungwi shingoni bali kwenye mkanda wa kifuani. Na tumbo lao halibebi akiba kubwa: wakikaa muda mrefu bila kula, sukari hushuka na wanaweza kufa.

"Nani aliwafanya hivi?" nilimuuliza.

"Watu," alisema. "Watu kama mimi."

Nilikwenda kusoma, maana nilitaka kujua. Mwaka 2007 wanasayansi walionyesha kwamba sehemu moja ya jeni iitwayo IGF1, inayohusika na ukuaji, ina mchango mkubwa katika kuwafanya mbwa wawe wadogo. Mwaka 2022 wengine wakakuta alama ya udogo huo katika mabaki ya mbwamwitu aliyeishi Siberia zaidi ya miaka 50,000 iliyopita, kabla mbwa hajafugwa. Kumbe udogo haukutungwa na mtu. Ulikuwa umelala ndani ya mbwamwitu, na binadamu akauamsha, akauchagua kizazi baada ya kizazi.

Aliuchagua kwa sababu mbalimbali. Yorkshire Terrier, ambaye kipimo chake leo hakizidi ratili 7, alitokana na mbwa wa wafanyakazi wa viwanda vya nguo kaskazini mwa Uingereza katika karne ya 19. Walimtaka mdogo ili aingie anakoingia panya. Mmoja wa aina hiyo, Smoky, aliokotwa katika msitu wa New Guinea mwaka 1944 na kuishia mikononi mwa askari wa Marekani, William Wynne. Huko Ufilipino alipita ndani ya bomba lenye urefu wa karibu mita 21 chini ya uwanja wa ndege, akiuvuta waya wa simu, kazi ambayo ingewalazimu askari kuchimba uwanja. Smoky alikuwa na ratili 4. Uzito wa Lupe.

Pomeranian ana habari nyingine. Zamani alikuwa mbwa wa kadiri. Malkia Victoria alimpata mmoja mdogo huko Florence mwaka 1888, akampenda, na watu wakaanza kuwataka wadogo na wadogo zaidi. Leo uzito wake ni kati ya ratili 3 na 7.

Mbio hizo hazijaisha. Mwaka 2023 Guinness walimtambua Chihuahua mmoja wa Florida, Pearl, kuwa mbwa mfupi kuliko wote walio hai: sentimita 9.14 kwa kimo, gramu 553 kwa uzito. Wapo wauzaji wanaotangaza mbwa wa kuenea ndani ya kikombe cha chai, ingawa hiyo si aina inayotambuliwa na vyama vikubwa vya wafugaji. Ni neno la kuuzia tu, na kila gramu inayopunguzwa hulipiwa na mbwa mwenyewe, kwenye meno, kwenye magoti, kwenye sukari.

Ningeweza kuishia hapo na kuwahukumu Wazungu, na kwa muda nilifanya hivyo kimoyomoyo. Lakini nilikuwa naiona kila siku mikono ya Bibi. Daktari alimkataza kuinua chochote kizito. Hakuweza kuinua sufuria ya maji. Hakuweza kuwainua wajukuu, hata wangekuja. Lupe alimweza. Kila jioni aliinama kidogo, Lupe akapanda mguuni, na yule mama akawa na kiumbe hai kifuani pake. Mbwa wa kilo kumi asingemfaa.

Mwezi wa pili Bibi alilazwa hospitali kwa siku nne. Binti yake, anayeishi jimbo jingine, aliniomba nipite asubuhi na jioni. Asubuhi ya pili bakuli lilikuwa limejaa kama nilivyoliacha. Lupe alikuwa amelala chini ya kiti cha Bibi, kichwa kimelegea, miguu inacheza kama ya mtu anayeota. Hakubweka. Hilo ndilo lililonitisha.

Nilijua ni sukari, kwa kuwa nilikwishafundishwa. Nilichukua asali kabatini, nikamfungua mdomo na kuipaka kwenye fizi zake kwa kidole kitupu. Mate yake yalinilowesha mpaka kiganjani. Nikapaka tena. Nilimfunga ndani ya sweta langu, nikampigia daktari wa wanyama simu huku nikimshikilia. Baada ya muda ulimi ulianza kulamba, kwanza asali, kisha kidole. Kwa daktari alitundikiwa dripu, na jioni alinibwekea.

Niliporudi nyumbani kwa Bibi, niliosha mkono mara saba, mara ya kwanza kwa udongo niliouchota kwenye chungu cha maua yake. Sikuosha kwa kinyaa. Nilifanya kwa utaratibu, kama mtu anayerudisha vyombo mahali pake baada ya kazi. Sweta nililiosha vilevile.

Usiku nilimpigia mama Tanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona sauti hivyo?"

Nikamsimulia. Alinyamaza kidogo.

"Ukanawa?"

"Mara saba."

"Na udongo?"

"Na udongo, mama."

"Basi yamekwisha." Kisha akauliza, "Na mbwa mwenyewe, amekula?"

Bibi alirudi, lakini mwezi wa tano familia iliamua ahamie makao ya wazee. Makao hayo yanapokea mbwa wadogo tu, kwa hiyo ratili 4 zilimfungulia Lupe mlango. Fomu ilikuwa na mstari mmoja uliobaki mtupu: nani atamchukua mbwa mwenye mnyama akifariki. Chihuahua huishi mara nyingi miaka 14 hadi 16. Hesabu ile sote tuliiona. Bibi alinitazama.

Nilimwambia ukweli, kwamba naswali katika chumba kimoja ninacholala, na sitaweza. Aliitika kwa kichwa, akaandika jina la jirani yake. Nilichoweza nilikifanya usiku ule: nilimwandikia jirani karatasi moja, ya kubandikwa kwenye friji siku hiyo itakapofika.

Alishwe kidogo kidogo, mara nne kwa siku. Asali iwe karibu. Kamba kifuani, kamwe si shingoni. Asiachwe aruke kutoka kwenye kochi. Asiguswe utosini kwa nguvu. Sweta ikianza baridi, siyo ikizidi. Akikataa kula, usingoje kesho.

Anabweka sana. Mwache abweke. Akinyamaza ndipo ukamtazame.