Mshika Kamba

Kama umepata kupita Barabara ya Links asubuhi na mapema wakati wa likizo, huenda umetuona. Mtu mmoja anasukuma mkokoteni wenye ngazi na misumeno, wa pili amejitwika kamba begani, na wa tatu, mwembamba kuliko wote, anafuata nyuma na kidumu cha petroli huku kofia ameishusha hadi puani. Huyo wa tatu ndiye mimi. Kofia ile haikuwa ya jua.

Baba yangu ni mkata miti. Nayasema haya kwa maandishi kwa mara ya kwanza tangu nijiunge na shule hii, maana katika fomu zote penye kazi ya mzazi niliandika "biashara". Tena si mkata miti wa kwenda msituni. Yeye huitwa na wenye majumba ya Nyali: mwembe umeegemea paa, mnazi unadondosha nazi juu ya gari, mvinje umeanza kugusa nyaya za stima. Babu alikuwa mkwezi huku Kisauni, akipanda minazi kwa vidato, miguu mitupu, panga kiunoni, wala hana kamba hata ya kufungia mbuzi. Baba hapandi bila kamba. "Babu yako alikuwa na bahati," husema, "mimi nina kamba."

Vyombo vyetu si vingi. Tuna mashoka mawili, mapanga, msumeno wa mkono wa kupogolea, kamba nene ya nailoni, nyingine nyembamba ya kupandishia vyombo, na bwana mkubwa mwenyewe, pawasoo. (Zamani kamba zilikuwa za mkonge, na Nyali yenyewe ilikuwa shamba la mkonge kabla ya haya majumba.) Watu hudhani pawasoo ni kuvuta uzi tu, ngrrr, mti uko chini. Sivyo. Petroli yake huchanganywa na oili. Mashine yetu hunywa mililita 20 za oili kwa kila lita moja, na ukisahau, injini inaungua ukiitazama hivi hivi. Mnyororo nao una oili yake mbali. Kisha kuna kunoa. Kila jino hunolewa kwa tupa ya mviringo, kwa kuhesabu, na meno ya kushoto yakipigwa tupa zaidi ya yale ya kulia, msumeno unakata kwa kupinda. Utajuaje kama mnyororo ni mkali? Tazama unachotema. Ukitema vipande kama nazi iliyokunwa, endelea na kazi. Ukitema unga, zima ukanoe.

Hata tawi lina adabu zake. Hulikati kutoka juu moja kwa moja, maana litavunjika kabla hujamaliza na kuchuna gome la shina lote hadi chini. Unaanza kwa kulikata kidogo upande wa chini, ndipo unapanda juu. Na mti mzima ukiangushwa, unatoa pengo upande unakotaka ulale, kisha unakata kwa nyuma, lakini humalizi. Unabakisha ubale katikati. Baba huuita bawaba, kwa sababu mti huuzunguka kama mlango na kulala pale ulipoambiwa.

Kazi yangu mimi ilikuwa kushika kamba. Tawi zito lililo juu ya paa haliachwi lianguke. Hufungwa kamba, kamba ikapitishwa kwenye panda iliyo juu yake, ikateremshwa na kuzungushwa shinani mara mbili, na mshika kamba akashika ncha. Hiyo mizunguko miwili ndiyo inayobeba uzito. Mikono ya mtu haibebi kitu. Mtoto wa miaka kumi na sita anaweza kuteremsha tawi zito kuliko yeye mwenyewe polepole kama ndoo kisimani, mradi mizunguko ipo na macho yapo.

Basi turudi kwenye kofia. Tarehe 13 Novemba 2023, serikali ilipotangaza siku ya mapumziko ili nchi nzima ipande miti, mimi nilikuwa Kidato cha Kwanza. Tulipanda miche ya mwarobaini uwanjani. Mwenzangu mmoja, ambaye alikuwa amemwona baba kazini, akasema kwa sauti, "Mwambie babako asije akaukata huu!" Watu wakavunjika mbavu. Nami nikacheka nao, tena kwa nguvu kuwashinda. Tangu siku ile nikawa mtoto wa mfanyabiashara.

Baadaye chama chetu kilizuru Haller Park, pale Bamburi, tukaelezwa jinsi Rene Haller alivyoanza mwaka 1971 kupanda miti kwenye machimbo ya saruji, mahali palipokuwa jiwe tupu, na kwamba katika aina 26 alizojaribu ni chache tu zilizostahimili, mvinje ukiwa mbele. Majani ya mvinje yakakataa kuoza, hadi yakaletwa majongoo kuyala na kuyageuza udongo. Nilimsimulia baba jioni ile. Alisikiliza yote, mwisho akauliza, "Na ile iliyokauka, alipanda nani kuikata?" Swali hilo hatukumwuliza mwelekezi.

Likizo ya Aprili mwaka huu tulikuwa na mwembe Nyali, ndani ya ua, hatua chache kutoka barabarani. Lango lilikuwa wazi. Baba alikuwa juu, amejifunga. Ami alikuwa upande wa pili na kamba ya kuelekeza. Baba akaniita nilegeze kidogo ili asogeze fundo, nami nikatoa mzunguko mmoja shinani, kama inavyotakiwa. Uliobaki niurudishe.

Hapo nikasikia sauti ninazozijua. Wenzangu watatu wa darasa letu walikuwa wakipita na mpira. Mmoja akasema, "Si fulani yule?" Nikaligeukia shina, nikaficha uso kama mtu anayechunguza mchwa.

"Tayari?" baba akauliza kutoka juu.

"Tayari!" nikajibu. Mzunguko sikuurudisha. Nilikuwa nikisikiliza nyayo.

Tawi lilipokatika, kamba ilinipita viganjani kama moto. Tawi halikuteremka, lilibembea na kurudi shinani, likampiga baba mundi wa mguu wa kushoto. Alining'inia kwenye kamba yake. Pawasoo nayo ikaning'inia kwa ugwe wake, inanguruma tu bila kukata, na hakuna aliyekuwa na mkono wa kuizima. Ami ndiye aliyepanda ngazi kumteremsha.

Mwenye nyumba akatoka mbio. "Imekuwaje, fundi?"

"Kamba kuukuu, bwana," baba akasema, amekalia majani, damu inamtoka. "Imeteleza."

Kamba ile tulikuwa tumeinunua Februari. Mimi ndiye niliyeibeba kutoka dukani.

Mguu ulipasuka mfupa, akatiwa plasta wiki sita. Mama aliongeza unga wa mahamri, ami akatafuta kijana mwingine, karo ya muhula wa pili ikaingia vipande vipande. Mwalimu aliponiuliza habari ya viganja nilisema nimeungua na sufuria. Wenzangu wale watatu hawakusema neno, kumbe hawakuwa na hakika kama ni mimi. Wahenga walisema mkataa kwao ni mtumwa, na methali hiyo niliwahi kuitungia insha nikapata 17 kwa 20.

Baba alishinda mlangoni na mguu wake kwenye kigoda, ananoa mnyororo usiokuwa na kazi. Jioni moja nilikaa karibu naye, nikajikaza nikasema, "Baba, kamba ile ni mpya."

"Najua." Akapiga tupa tatu, akahamia jino jingine. "Ulikuwa wamtazama nani?"

"Simtazami mtu, baba."

Hakuniuliza tena. Aliendelea kuhesabu.

Agosti alirudi kazini, nami nikarudi kwenye kamba. Sasa haniulizi kama ni tayari. Huteremsha macho akaihesabu mizunguko mwenyewe, ndipo anawasha.

Kila mwaka jarida hili likitoka, baba hunikalisha mkekani baada ya chakula nimsomee lote, kuanzia salamu za mhariri hadi vitendawili, kwa sababu miwani yake ni ya mbali tu. Hakubali niruke ukurasa. Mwaka jana niliruka shairi moja refu, akanishika.