Kidubwasha cha USB: Utamu wa Muziki au Utamu wa Bei?

Mimi wiki hii nina kesi, na naomba uisikilize kwa makini, maana inahusu muziki, kompyuta na ngawira ya watu wawili.

Kama wewe ni mtu wa kusikiliza muziki kwa kompyuta, huenda umekwishasikia habari za vidubwasha vya kusafisha USB. Ni kitu kidogo, saizi ya flashi. Unakichomeka kwenye tundu la kompyuta, halafu ule waya unaokwenda kwenye vyombo vyako unauchomeka kwenye hicho kidubwasha. Kimoja kinachojulikana sana ni JitterBug ya kampuni ya AudioQuest ya Marekani, kilichotoka mwaka 2015 kwa dola 49. Vipo vingine vya mamia ya dola. Wanaovisifia wanasema eti sauti inakuwa nyororo, besi inatulia, na mwimbaji unamsikia kama yumo humo chumbani. Jamani, nani hataki hayo?

Mimi na mshikaji wangu niliyemaliza naye kidato cha nne tuna vyombo vya shirika. Tuna kompyuta mpakato, kiboksi cha kugeuza tarakimu kuwa sauti (wenyewe hukiita DAC), amplifaya na spika mbili. Siku za kazi vinakaa kwetu tunasikiliza. Wikiendi tunapiga kwenye kipaimara, sendofu na besdei za mtaani, na tunachopata tunakitia kwenye kibubu. Kibubu kilikuwa na laki mbili na kitu, za kufufua spika moja iliyochanika. Ndipo akaja jamaa na kidubwasha chake, bei laki moja na themanini, akatuachia siku mbili tukijaribu.

Mshikaji akakichomeka, akafumba macho, akasema: "Mwanangu, kumbe siku zote tulikuwa tunasikiliza makopo!"

Mimi nilikuwa nasikia muziki uleule, tena na ule mvumo wetu wa siku zote, mmmmm, unaopita chini chini kila wimbo unapoisha. Nikamwambia. Akanuna. Akaniambia masikio yangu ni ya daladala.

Hebu tuache masikio kwanza, tuangalie waya. USB imekuwapo tangu mwaka 1996, na waya wa kawaida wa USB 2.0 una nyuzi nne ndani yake. Mbili zinabeba umeme wa volti 5, mbili zinabeba data. Muziki unaopita humo bado haujawa sauti, ni namba tupu. Wimbo wa ubora wa CD una namba 44,100 kwa kila sekunde kwa kila upande, kulia na kushoto. Namba ikifika, imefika. Hakuna namba inayofika ikiwa nyororo zaidi ya mwenzake. Zikiharibika njiani utasikia mkwaruzo, tak! au wimbo utakatika. Hutasikia besi imepungua utamu kidogo.

Wauzaji watakwambia tatizo si namba, tatizo ni muda, eti namba zinafika zikiyumbayumba. Zamani hoja hiyo ilikuwa na uzito. Lakini viboksi vingi vya siku hizi vina saa yao wenyewe ndani. Vinaiomba kompyuta data, vinaiweka kwenye kighala kidogo, kisha vinaitoa kwa mapigo ya saa yao. Ni kama konda anayepokea abiria wakija mmoja mmoja, lakini gari linaondoka kwa saa ya stendi. Abiria kufika mbio au kwa maringo hakubadilishi saa ya kuondoka.

Kinachobaki ni umeme, na hapa sitaki kuwaonea wauzaji. Umeme wa kompyuta kweli ni mchafu, na uchafu huo unaweza kupita kwenye waya ukaingia kwenye sauti. Kiboksi kilichotengenezwa vizuri kina vichujio vyake vya ndani, hakihitaji msaidizi. Kibovu kinaweza kupata nafuu. Lakini mvumo kama wetu mara nyingi una mama mwingine. Chaja ya kompyuta iko kwenye soketi moja, amplifaya iko kwenye nyingine, na nyaya zao za ethi zinakutana kupitia waya wa USB. Hapo panatokea mzunguko, umeme unazunguka humo na spika zinauimba. Kichujio cha kawaida hakiukati mzunguko huo, kwa sababu waya wa ethi unapita ndani yake moja kwa moja.

Basi nikamwambia mshikaji, kidubwasha kiache hapo hapo, chomoa chaja tu. Akachomoa. Mvumo ukakata, kimya kama msikitini. Tukarudisha chaja, mmmmm. Tukachomoa kidubwasha tukaacha chaja, mmmmm ileile. Mtuhumiwa tumemkamata na hajatugharimu hata mia. Tulipounga chaja na amplifaya kwenye ekstensheni moja, mvumo ukapungua sana. Siku ya shughuli sasa kompyuta inatumia betri.

Hapa naomba niwe mkali kidogo. Fundi mmoja wa mtaani alikuwa ameshatushauri tukate mguu wa ethi kwenye plagi ya amplifaya. Mvumo ungekufa kweli, lakini siku umeme ukigusa bodi ya amplifaya, angekufa pia atakayeishika. Ethi usiikate, hata uambiwe na nani. Kama kuchomoa chaja hakuwezekani, tafuta kitenganishi cha USB kinachokata kabisa muungano wa umeme, au tumia waya wa mwanga kama kompyuta na kiboksi chako vina matundu yake. Hivyo vina kazi inayoeleweka.

Mshikaji hakukubali kushindwa. "Sawa, mvumo ni chaja. Lakini utamu je?" Nikamwambia tupime. Mdogo wangu wa kike akakubali kuwa karani. Tukaning'iniza khanga mbele ya kompyuta, chaja nje, sauti imewekwa kiwango kimoja. Kila raundi dogo anarusha sarafu: kichwa, anaweka kidubwasha, mwenge, anakitoa. Hata pasipo kubadilisha, anachomoa waya na kuurudisha, ili mlio usimsaidie mtu. Mimi nilitolewa nje nisije nikakonyeza. Raundi 16, wimbo uleule, mshikaji anasema "kipo" au "hakipo".

Kwa nini 16? Mtu akibahatisha tu, atapata kama 8. Kupata 12 au zaidi kwa bahati tupu hutokea mara 4 hivi katika 100, kwa hiyo tulikubaliana akifika 12, kibubu kinavunjwa.

Alipata 9.

Dogo akasoma karatasi, akasema: "Kaka, mimi nimeandika tu, msije mkanigombanisha na mtu." Mshikaji akakaa kimya, halafu akachukua kofia akaondoka. Siku nne simu hapokei. Urafiki wa tangu kidato cha kwanza, jamani, unayumba kwa ajili ya kitu saizi ya flashi!

Nataka nimtetee rafiki yangu. Hakudanganya. Ukiambiwa kitu ni cha laki, sikio linakaa mkao wa kula, unausikiliza wimbo kwa makini kuliko jana, na unakuta vitu ambavyo siku zote vilikuwamo. Raha ile ni ya kweli. Ila haikutoka kwenye kidubwasha, na ndiyo maana nyuma ya khanga haikuonekana.

Siku ya tano alikuja mwenyewe, amebeba spika iliyochanika begani. "Twende kwa fundi," akasema, basi. Koni mpya ilikula elfu sitini, na tofauti yake hata jirani aliisikia, akaja kugonga ukuta. Kilichobaki tunanunulia nyimbo zenye ubora, maana mafaili yetu mengi ni MP3 za kilobiti 128 kwa sekunde, wakati CD ina 1,411. Kilichotupwa wakati wa kubana faili hakirudishwi na waya wala kidubwasha.

Kwa hiyo wewe unayetamani hicho kitu, sikukatazi, hela ni zako. Kama vyombo vinavuma, anza na chaja. Kama havivumi, muombe muuzaji akuachie siku moja, tafuta khanga, sarafu na mdogo wako asiyependelea mtu. Ukipata 12, niandikie, nitakuja na masikio yangu ya daladala kushuhudia. Tukutane wiki ijayo.