Athens, Ohio: Barazani ni Karamu, Barabarani ni Kesi

Ukitoka jiji la Columbus kwa gari ukielekea kusini-mashariki, utasafiri kiasi cha kilomita 120, pungufu ya safari ya Nairobi hadi Nakuru. Tambarare za mashamba ya mahindi zitaanza kukuaga, vilima vya Appalachia vitajitokeza huku na huku, na mwishowe utaingia katika mji mdogo wa matofali mekundu uliozungukwa na misitu, na mto Hocking ukipita kando yake. Huo ndio mji wa Athens. Si ule wa Ugiriki wenye mahekalu. Huu ni wa jimbo la Ohio, Marekani, na uhai wake wote umo katika chuo kikuu kimoja.

Chuo chenyewe, Ohio University, kilianzishwa mwaka 1804 na ndicho kikongwe kuliko vyote jimboni. Ikiwa umesoma historia ya Kenya chuoni, yaelekea umewahi kushika kitabu chenye jina la shirika lake la uchapishaji mgongoni, kwani limetoa vitabu vingi kuhusu Afrika Mashariki. Kiswahili nacho kimefundishwa huko kwa miaka mingi. Kwa hivyo usishangae ukisikia "Jambo, habari gani?" kutoka kwa kijana mwenye nywele za dhahabu anayeuza kahawa. Wakenya wamesoma huko, wanasoma huko, na pengine binti yako anajaza fomu za kwenda huko wakati wewe unasoma ukurasa huu.

Ni mji wa kupendeza, hilo halina ubishi. Mwezi wa Aprili, kandokando ya mto, hutanda maua ya waridi ya miti ya micheri 175 iliyotolewa zawadi mwaka 1979 na Chuo Kikuu cha Chubu, Japani, Ohio University kilipotimiza miaka 175. Barabara kuu, Court Street, imetandikwa matofali badala ya lami. Huku maduka ya vitabu, kule mikahawa, na katikati baa, baa, baa. Ukifika mwisho wa baa unakutana na lango la chuo na nyasi za College Green, ambako wanafunzi hujilaza na vitabu vyao kana kwamba hakuna mtihani duniani.

Lakini Athens ina umaarufu mwingine. Tangu mwaka 1974, kila unapokaribia mwisho wa Oktoba, umati hujazana Court Street kusherehekea Halloween: watu waliojivika kama majini, maaskari wa Kirumi, ndizi, na mengineyo ambayo ukurasa wa familia hauwezi kuyaeleza. Majira ya kuchipua nayo yana karamu zake za mitaani, kila mtaa na Jumamosi yake: Mill Street, High Street, Palmer Street. Vijana kutoka vyuo vya mbali hufurika na mabegi mgongoni, na kwa siku mbili mji hugeuka kitu kingine kabisa.

Karamu hizi zimewahi kuharibika. Mwaka 2012 ile ya Palmer Street ilivunjwa na polisi baada ya nyumba kushika moto. Kisa kinachonichekesha na kunisikitisha kwa pamoja ni cha Aprili 1998. Wamarekani wana desturi ya kusogeza saa zao mbele kila majira hayo. Usiku ule, ilipotimia saa nane, saa zikarukia saa tisa, na walevi wakajikuta wamepokonywa saa nzima ya kunywa. Wakajaa Court Street kwa hasira, chupa zikarushwa, na polisi wakawatawanya kwa risasi za mbao. Fujo kwa sababu ya mshale wa saa!

Sasa tuingie katika kiini cha safari yetu. Mgeni akitazama karamu hizo huona mji usio na sheria. Watu wanakunywa mchana kweupe, muziki unatikisa madirisha, na askari waliopanda farasi wanatazama tu. Usidanganyike. Askari wale wanatazama mahali fulani hasa. Nyumba nyingi wanazopanga wanafunzi ni za mbao, zenye baraza mbele, na mbele ya baraza kuna kijia cha waendao kwa miguu. Mtu mwenye miaka 21 akishika kopo la bia barazani kwao, hana kosa. Akiteremka ngazi tatu na kukanyaga kijia kile na kopo lake likiwa wazi, amevunja sheria ya Ohio inayokataza kileo kilichofunguliwa mahali pa umma. Ni hatua moja tu. Faini yake haizidi dola 150, lakini kuna gharama za mahakama juu yake, na kuna jina lako kwenye karatasi. Ipo miji ya Ohio iliyotenga maeneo maalum ambako mtu anaweza kutembea na kinywaji, ila maeneo hayo huwa na vibao na vikombe vyake. Usipoviona, hesabu kwamba huruhusiwi.

Nimesema miaka 21 kwa makusudi, kwa maana hapa ndipo Mkenya anapojikwaa kwanza. Kwetu, sheria ya mwaka 2010 iliweka umri wa kunywa kuwa miaka 18, na kijana wa miaka 19 anayeondoka Nairobi anajiona mtu mzima kamili. Akitua Marekani anarudi kuwa mtoto. Mwaka 1984 serikali ya huko ilipitisha sheria ya kuyanyima fedha za barabara majimbo yatakayoruhusu walio chini ya miaka 21 kununua pombe, na majimbo yakatii. Katika Ohio si lazima uwe umelewa. Kushika tu kopo la bia kunatosha. Tangu mwaka 2023 adhabu imepunguzwa, lakini bado inaweza kufika siku 60 jela na faini ya dola 500. Kuonyesha kitambulisho bandia, au cha kuazima kwa kaka yake rafiki yako, ni kosa zito zaidi: miezi sita na dola 1,000. Kinyume chake, sheria hiyohiyo inamruhusu kijana kunywa akiwa pamoja na mzazi wake. Mzazi, sijui kama utaalikwa.

Adhabu hiyo ya miezi sita na dola 1,000 inaweza pia kumpata anayemnunulia kinywaji aliye chini ya umri, na mwenye nyumba anayejua kwamba watoto wa watu wanakunywa sebuleni mwake na akanyamaza. Hili walitazame sana wanafunzi wa shahada za juu. Wengi wa Wakenya walioko huko wana miaka 25, 30 na zaidi, wana nyumba, na wana moyo wa ukarimu tuliolelewa nao. Mgeni akibisha hodi, hukumuuliza kitambulisho ulipokuwa Kisumu au Machakos. Huko itakubidi uulize, na asiyetimiza umri umpe soda. Isitoshe, mji una sheria inayomshika mwenye karamu ikigeuka kero, hata kama aliyevunja chupa barabarani ni mtu ambaye hajawahi kumwona maishani mwake. Kwa hiyo karamu yenye watu kumi unaowajua kwa majina ina usalama ambao karamu ya mlango wazi haina. Umati ukianza kuingia usiowajua, zima muziki mapema, na ikibidi wewe mwenyewe upige simu polisi kuomba msaada wa kuwatoa. Hakuna aibu hapo.

Gari ndiyo hatari kubwa kuliko zote. Kipimo kwa dereva mtu mzima ni 0.08, na kwa aliye chini ya miaka 21 ni 0.02, ambayo ni kama kusema asinywe kabisa. Kosa la kwanza linaweza kukupeleka jela siku tatu, au katika mafunzo ya lazima ya muda huohuo. Ukikataa kupuliza kile kifaa ambacho sisi tulikipa jina la alcoblow, leseni inasimamishwa papo hapo. Baiskeli nayo inahesabiwa kuwa chombo cha usafiri. Na wako wanaojiona werevu: "Mimi siendeshi, nitalala garini mpaka kuche." Sheria ya Ohio inamshika hata huyo. Mlevi akikaa katika kiti cha dereva na ufunguo uko karibu naye, ni kosa, ijapokuwa gari halijasogea hata inchi. Bahati njema, Athens ni mji mdogo, na kutoka Court Street hadi nyumba nyingi za wanafunzi ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Acha gari nyumbani tangu saa tisa mchana, kabla hujaanza kujidanganya.

Huenda unajiuliza, msomaji, kwa nini nimeng'ang'ania faini za dola 150. Mwanafunzi wa Kimarekani hulipa, hucheka, na kisa chake huishia hapo. Kwa Mkenya mwenye viza ya masomo, hapo ndipo kisa kinapoanza. Tangu Novemba 2015 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ina mwongozo unaoruhusu viza ifutwe ikiwa mwenyewe amekamatwa kwa kuendesha gari akiwa mlevi katika miaka mitano iliyopita. Zingatia neno hilo: kukamatwa. Hukumu haingojewi. Mwanzoni mwa mwaka 2025 maelfu ya wanafunzi wa kigeni walishtuka kuona rekodi zao zimefungwa katika mitambo ya uhamiaji, baadhi yao kwa tiketi ya barabarani au kesi iliyokwisha kutupwa, na ilibidi waende mahakamani ndipo rekodi zikarudishwa mwishoni mwa Aprili. Agosti mwaka huohuo wizara ikatangaza kwamba imefuta viza zaidi ya 6,000 za wanafunzi, na ulevi wa madereva ukatajwa miongoni mwa sababu.

Viza kufutwa si lazima iwe kufukuzwa siku hiyo. Mara nyingi mwanafunzi anaendelea na masomo, mradi bado amesajiliwa na hadhi yake iko sawa. Lakini hawezi kutoka na kurudi. Nyanya akifariki kule Bungoma, kijana atakabiliwa na uamuzi mchungu: azikose maiti na matanga, au aje kisha apange foleni upya ubalozini Gigiri. Na fomu ya viza itamwuliza kama amewahi kukamatwa kwa kosa lolote, hata kama alisamehewa. Hapo kusema uongo ni kujichimbia kaburi lenye kina zaidi.

Basi askari akikusimamisha, ufanyeje? Usikimbie, kwa maana kukimbia kunaongeza shtaka. Mpe jina lako la kweli, anwani na tarehe ya kuzaliwa. Zaidi ya hayo unayo haki ya kusema kwa adabu kwamba ungependa kuzungumza na wakili kwanza. Zile habari za "chai" tulizozizoea barabarani hapa, tafadhali ziache uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, usije ukageuza faini kuwa kesi ya hongo. Ukitiwa mbaroni, mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 unakupa haki ya kuomba ubalozi wa Kenya ulioko Washington ujulishwe.

Ukipewa karatasi ya faini, usikimbilie kuilipa kesho yake ili yaishe. Kulipa ni kukiri kosa. Mahakama za Ohio huweza kumpa kijana aliyekamatwa na kileo mara ya kwanza nafasi ya mpango wa mafunzo badala ya hukumu, lakini ukishakiri, mlango huo umejifungia. Chuoni kuna ofisi ya ushauri wa wanafunzi wa kigeni, na kuna mawakili wanaowahudumia wanafunzi kwa ada ndogo inayolipwa kila muhula. Ada hiyo ipo katika orodha ya malipo na mwanafunzi anaweza kuikataa. Mzazi, ukiletewa orodha, usiikate hiyo.

Kuna jambo moja ambalo halipasi kuogopwa hata kidogo. Mwenzako akizidiwa, akawa haamki, ngozi yake imepoa na anapumua kwa shida, mlaze kwa ubavu na upige 911. Wako waliokufa Marekani kwa sababu marafiki zao walihofia polisi. Sheria ya Ohio humkinga kijana anayeita msaada kwa nia njema, akabaki na mgonjwa na kutaja jina lake.

Aprili, wakati wa karamu za mitaani, Athens huwa nyuma ya Nairobi kwa saa saba. Hivyo simu ya kuamkia Jumapili, ile inayopigwa kule saa saba za usiku, itakukuta hapa saa mbili asubuhi ukijiandaa kwenda kanisani au ukinywa chai. Akilia, mwache alie kwanza. Halafu mwulize mambo matatu na uyaandike pembeni mwa gazeti hili: kosa limeandikwaje kwenye karatasi, tarehe ya mahakama ni lini, na je, amekwisha kulipa? Mahakama ya manispaa iko Washington Street, hatua chache kutoka baa zile, na ofisi zote zitafunguliwa Jumatatu asubuhi.