Kanisa la Udongo Mjini Berlin



Mwezi wa Juni 2019 nilisafiri kwenda Ujerumani pamoja na akina mama watatu, tukiwa tumealikwa na usharika rafiki. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kupanda ndege. Lakini huku Singida nilikuwa nimeacha jambo zito.

Mwaka uliotangulia, mimi na kaka zangu tulibomoa tembe la mama yetu. Mama alitusihi tuliache. Nilimjibu kwamba nyumba ya udongo ni aibu kwa watoto waliosoma. Tukamjengea ya matofali na bati. Aliingia, akashukuru, lakini tangu siku ile aliniitikia salamu tu.

Berlin ni mji mkubwa, wenye mambo mengi ya kale. Tuliona Lango la Brandenburg, na mnara wa kanisa uliovunjwa na mabomu mwaka 1943, ambao wenyeji wameuacha hivyo hivyo uwe ukumbusho wa vita. Siku ya tatu mama mwenyeji wetu alitupeleka Bernauer Straße, mahali ulipopita ule Ukuta uliogawa mji kuanzia mwaka 1961 hadi 1989. Hapo palikuwa na Kanisa la Upatanisho. Ukuta ulipojengwa, kanisa lilibaki katika eneo la mpaka, na waumini wakazuiwa kuingia. Mwaka 1985 serikali ya upande wa mashariki ililibomoa kwa baruti.

Mwaka 2000 wakristo walijenga kanisa dogo mahali pale pale. Nilipoingia nilishangaa. Kuta zake ni za udongo ulioshindiliwa! Nilizigusa kwa kiganja, nikaona ndani yake vipande vya matofali ya kanisa la zamani. Nje pameota nafaka inayofanana na ngano, kama mashamba yetu ya uwele.

Nilimwuliza mwenyeji, "Je, mlikosa saruji?"

Akanijibu kwa upole, "Hapana. Wazee wetu walisali hapa. Hatukutaka kutupa mabaki yao."

Nilikaa kwenye kiti nikalia. Wenzangu walidhani ninaumwa.

Niliporudi Singida, sikufungua hata mizigo. Nilikwenda kwa mama, nikapiga magoti, nikamwomba radhi. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mwanangu, sikulilia udongo. Nyumba hii ni nzuri, haivuji. Nililia kwa sababu hamkuniuliza."

Akanionyesha nguzo mbili za tembe alizokuwa amezihifadhi nyuma ya zizi. Leo zinashikilia kibaraza chake, na ndipo tunapokaa tukichambua mboga na kuongea.

Akina mama wenzangu, kuwatunza wazazi ni agizo la Mungu. Lakini tusiwatendee mema kwa kiburi. Kabla hujabadilisha chochote cha mzazi wako, kaa naye chini, umwulize. Na kama umekwisha kumkosea, usingoje safari ya Ulaya ikufundishe. Nenda leo ukapatane naye.