Mto Rutshuru na Mai ya Moto: waelezeni watoto

Jamaa mliokimbia Rutshuru, Kiwanja na vijiji vya kandokando, leo siwaletei habari ya mapigano. Nataka tuzungumze juu ya maji ya kwetu.

Mwaka 2019 nilitoka Goma kwa gari, tukafuata barabara ya kitaifa nambari 2, tukapita Kibumba na Rumangabo, huku milima ya volkano ikitutazama. Ni mwendo wa karibu kilomita 70. Kutoka Rutshuru-centre, pikipiki ikanifikisha kwenye maporomoko. Unayasikia kabla ya kuyaona. Mto unaanguka kwa nguvu katikati ya miti, na mvuke wake unakulowesha hata ukisimama mbali. Kisha unaenda zake kaskazini, hadi ziwa Edouard. Mto huo si wa kutazama tu: tangu mwisho wa 2015, kituo cha Matebe kinautumia kutoa umeme.

Kesho yake nilipanda gari la kwenda Kanyabayonga. Mbele ya Kiwanja, ndani ya mbuga ya Virunga, kuna Mai ya Moto. Jina ni Kiswahili chetu wenyewe. Maji yanashuka chini sana ardhini, yanapata joto la mawe ya huko, kisha yanapanda tena yakiwa ya moto. Nilitamani kushuka, lakini tulikuwa katika msafara unaolindwa na askari, na dereva hakuweza kusimama. Mama mmoja muuza samaki aliyekaa karibu yangu akaniambia: «Mwanangu, hapa tunapita tu, hatufiki.»

Alisema kweli. Mwaka uliotangulia, mbuga ilikuwa imefungiwa watalii baada ya mlinzi mmoja kuuawa na wageni wawili kutekwa. Na mwishoni mwa Oktoba 2022 vita vikafika Rutshuru-centre na Kiwanja. Wengi wenu mkabeba watoto na magodoro, mkashuka hadi Kanyaruchinya.

Huko Kanyaruchinya, mwaka 2023, nilikuta bibi akiwasimulia wajukuu wake habari ya Mai ya Moto. Mtoto mmoja, wa miaka mitano hivi, akamuuliza: «Bibi, yanachemka bila makala?» Wakubwa wakacheka. Mimi sikuweza. Mtoto huyo alijua foleni ya maji na bei ya makala. Maji yanayojipasha moto yenyewe, tena katika wilaya ya baba yake, kwake yalikuwa hadithi kama ya sungura na fisi.

Watu wanasema uzuri huu utaleta watalii na pesa. Ni sawa, lakini hoteli bila barabara salama ni nyumba tupu. Mama muuza samaki apite kwanza bila msafara, na mkulima afike shambani kwake. Mgeni atafuata.

Wakati tunangoja, wazazi, kuna kazi moja isiyohitaji pesa. Waambieni watoto majina: mto Rutshuru, Mai ya Moto, kilima chenu, kisima chenu, jirani aliyekaa ng'ambo ya shamba. Mtoto asiyejua kwao hawezi kudai kurudi. Anzeni leo jioni, wakati chakula kikiwa motoni.