Samaki Azaaye Chini ya Barafu

Hapa Minnesota, maziwa yanapoganda hata magari yakapita juu yake, samaki wengi hupunguza mwendo wakingoja joto. Burboti hufanya kinyume. Ni samaki wa chini kabisa, mwili mrefu wa kuteleza kama kambare, na sharubu moja kidevuni. Katikati ya majira ya baridi, usiku, chini ya barafu, burboti hukusanyika na kutaga. Jike mmoja aweza kutaga mayai laki kadhaa.

Jirani yangu mvuvi alinieleza hayo mwaka ule mume wangu alipofariki.

Kina mama wa kanisani walikuja wakalala nami sakafuni, kama tunavyokaa matanga kwetu Kigoma. Walipoondoka, zikabaki simu: "Kazi ya Mungu haina makosa, mama. Jikaze, usilie tena." Walionipigia walinipenda. Walitaka nipate joto upesi.

Nikaendelea kusoma habari za samaki yule, nikakutana na mto Kootenai. Bwawa la Libby, huko Montana, lilianza kukusanya maji mwaka 1972. Maji yaliyotoka humo wakati wa baridi hayakuwa tena na ubaridi wa zamani, na hiyo ikawa sababu mojawapo ya burboti kupungua. Mwaka 1992 jimbo la Idaho likapiga marufuku kuwavua. Kabila la Kootenai, pamoja na wenzao, likalea vifaranga na kuwaachia mtoni miaka mingi, hata uvuvi ukafunguliwa tena mwaka 2019. Joto ambalo sisi tungeliita nafuu lilimnyima samaki yule majira yake ya kuzaa.

Mimi si samaki. Sikuumbwa kwa ajili ya baridi, wala sisemi kwamba Mungu alimchukua mume wangu ili anipe somo. Nasema tu kwamba huzuni nayo ina majira yake, na mwenye kuyafupisha kwa nguvu aweza kuharibu kitu asichokiona. Zaburi ya 88 huanza kwa kilio mbele za Bwana na kumalizikia gizani. Hakuna aliyeiongezea mstari wa furaha, nayo ingali sala.

Ndugu msomaji, ukimjua mfiwa ambaye bado analia, usimharakishe. Nenda na mkeka wako, ukae naye.